Mama Asiyekohoa

Sponji inayovishwa kichwani mwa maikrofoni ina harufu yake: vumbi, peremende, na mate ya watu waliokwisha kuondoka. Mwezi uliopita, nikifagia stoo ya ofisi moja ninayosafisha, niliokota sponji ya namna hiyo nyuma ya kabati. Niliinusa kabla sijafikiri. Mara nikawa nimerudi kwenye chumba kile kisicho na dirisha cha shule yetu ya sekondari, hapahapa Birmingham. Nina miaka kumi na saba, nimevaa hedifoni, na mama yangu yu hai.

Mwalimu Pauline alikuwa amesoma habari redioni kwa miaka mingi kabla ya kuja kutufundisha utangazaji. Alitufundisha kushika maikrofoni umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, kuuliza swali moja tu kwa wakati, na kukata sauti zisizotakiwa. Kukata ndiko nilikokupenda. Kwenye kompyuta, kimya kilikuwa mstari mwembamba, na kikohozi kilisimama kama msumari. "Msikilizaji asisikie mkasi wako," alituambia, nasi tukashindana kukata.

Mwaka ule kituo kidogo cha redio, kilichorusha matangazo mwezi wa Ramadhani tu, kilikubali vipindi vyetu, hata vya Kiswahili. Nilitakiwa kumhoji mtu kuhusu kazi yake. Nikamchagua mama. Baba alikuwa amefariki kabla Saumu, kitinda mimba wetu, hajajua kutembea. Tangu hapo mama alikuwa akifunga maboksi katika ghala moja mtaa wa Washwood Heath, na kikohozi chake tulikizoea kama tulivyozoea mabasi yaliyopita nje ya dirisha.

Nilimrekodi jikoni, alasiri, akikaanga sambusa.

"Unanihoji kama askari," alisema.

"Mama, usigonge sufuria. Unaniharibia."

"Kwa hiyo futari itajipika yenyewe, Bi Mtangazaji?"

Mdogo wangu Yusuf, aliyekuwa na miaka kumi, alicheka mpaka nikamtoa nje.

Nilimuuliza mama angefanya kazi gani kama angepewa nafasi ya kuchagua. Akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa, hakujibu jambo kabla hajaligeuza kwanza moyoni. Mafuta yalichacharika. Akakohoa, akakohoa tena, ameshika ukingo wa sinki. Kisha akasema, "Zuhura, hawa wadogo zako wasitenganishwe. Umesikia?"

"Mama, jibu swali."

Alinitazama kidogo. "Ningeshona," alisema. "Nguo za maharusi."

Siku mbili nilikaa kwenye kompyuta nikikata. Nilitoa vikohozi vyote, nikatoa vimya vyote, nikatoa na ile sentensi ya katikati, kwa kuwa haikuhusu mada. Swali langu likafuatwa papo hapo na "Ningeshona". Mwalimu Pauline alisikiliza mara mbili akasema hausikii mkasi. Diski za kurekodia zilikuwa chache, hivyo kila aliyemaliza alibaki na nakala ya kipindi tu, akafuta rekodi yake ya awali ampishe mwenzake. Nilifuta yangu siku ileile, kwa fahari.

Kipindi kilirushwa jioni moja kabla ya adhana. Mama alisimama mbele ya redio, mwiko mkononi.

"Mbona sikohoi?"

"Nimevikata, mama."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Huyo mwanamke ni mzima kabisa," alisema alipopata pumzi. "Ukimwona, mpe salamu zangu."

Hakufika Idi Kubwa. Hospitalini walisema ni mapafu, na kwamba yalikuwa yameharibika muda mrefu. Wakaja watu wa ofisi ya ustawi wa jamii na mafaili yao, wakizungumzia nyumba moja ya kumlea Yusuf na nyingine ya Saumu. Nilitimiza miaka kumi na minane baridi ileile. Niliacha shule, nikaingia ghala lilelile alilofanyia kazi mama, na kila walipokuja niliwaambia neno moja: hapana. Walikuja mara nyingi. Mwishowe wakaacha.

Watu husema nilitimiza wosia wa mama. Sijapata kuwaambia kwamba wosia wenyewe niliukata kwa mkono wangu. Nilidhani ametoka nje ya mada. Sikujua kwamba alikwisha kuelewa mapafu yake yanampeleka wapi, na kwamba alichagua saa ile kwa sababu ndiyo saa pekee nilipokuwa nimekaa mbele yake, nikimsikiliza kwa masikio yote mawili.

Saumu sasa ni mtu mzima na hamkumbuki mama. Anaelewa Kiswahili, ila hujibu kwa Kiingereza. Nilipomsikilizisha kile kipindi mara ya kwanza, alikunja uso, akaniuliza kwa Kiingereza chake. "Dada, kumbe mama alikuwa anaongea haraka hivi?"

Siku ile nilikizima tu. Siku hizi tukikisikiliza, kidole changu hukaa kwenye kitufe. Likiisha swali langu, nasimamisha. Nanyamaza kadiri mama alivyonyamaza, naye Saumu amejifunza kutonihimiza. Kisha namwambia ile sentensi, neno kwa neno, mpaka "Umesikia?" Hapo ndipo ninapobonyeza tena, na mama anasema angeshona nguo za maharusi.