Sampo Isiyopakwa Rangi

Mwaka 2009 Damas alikuwa anatia injini nyingine kwenye Peugeot kuukuu, ya aina ileile iliyowabeba yeye na Concessa siku ya harusi yao Bujumbura. Sampo, bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini, ilikuwa inagonga fremu. Akaikata, akaichomelea upya, ikabaki chuma kitupu. Ndani hakutaka kupaka rangi, kwani ingebanduka na kuziba njia ya oili. Aliipangusa kwa kitambaa chenye oili, akaifunga nailoni, akaileta nyumbani kwao Rinkeby, ughaibuni, maana gereji yake ya Märsta ilikuwa na unyevu.

Kisha kansa ikamlaza hospitali.

“Nikitoka tu, Mama Mélissa,” alimwambia mkewe, “naifunga. Nikutembeze mpaka baharini, ukae mbele kama bibi harusi.”

Siku moja kabla hajaruhusiwa, Concessa alisafisha nyumba nzima. Akafungua nailoni, akakuta chuma kimejaa mafuta. Akakiosha kwa maji moto na sabuni, akakisugua mpaka kikang’aa, akakianika jikoni.

Damas alipofika, sampo ilikuwa imeota kutu. Akapitisha kidole, akakitazama.

“Hii si sufuria ya maharage, mke wangu.”

“Ningejua, ningepikia.”

Wakacheka. Concessa ndiye aliyeanza kulia.

Damas hakumgombeza. Aliketi, akamwelekeza: msasa, kitambaa kikavu, halafu oili, hasa kwenye mishono ya kuchomelea, kutu hupenda kujificha hapo. Concessa akasugua mpaka vidole vikachubuka. Kuna wakati mkono wa Damas uliinuka kumsaidia, ukaishia njiani, ukarudi mapajani. Concessa akajua kwamba injini ile haitafungwa.

Damas alifariki theluji ikiwa bado chini. Kila Jumapili, akitoka misani, Concessa aliipaka sampo oili. Binti yao Mélissa alimuuliza kwa Kiswidi, anamtunzia nani? Concessa akachovya tena kitambaa kwenye oili.

Kiangazi kijana Mswidi aliyelinunua gari alikuja gereji ya Märsta kulichukua, na Concessa akamletea sampo. Kijana akaingiza kidole ndani yake, kikatoka na oili safi. Akasema ataipaka rangi, isishike kutu.

“Nej, hapana,” alisema Concessa. Akamweleza yote, kwa Kiswidi chake cha kazini, taratibu, mpaka mishono. Kijana alisikiliza mpaka mwisho.

Concessa akaipangusa tena sampo, akamkabidhi. Kitambaa akakikunja, akapanda nacho treni.