Mchezo wa Ijumaa

Juzi gari lilihitaji matairi, nikalipeleka Granville kwa fundi wangu wa siku zote. Alipoanza kazi nikatoka kunyoosha miguu, na miguu ikanipeleka kulekule tulikoishi zamani. Jengo bado lipo, ghorofa tatu za matofali mekundu, na kwenye baraza letu la juu walikuwa wameanika mashuka ya watu wengine. Dirisha la chini lilitoa harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Nikasimama pale kama mtu aliyekuja kudai, mpaka mtoto mmoja akachungulia. Nikaona aibu, nikaondoka.

Kama ulikuwa Sydney miaka ile ya korona, sina haja ya kukueleza. Unakumbuka helikopta za polisi zilivyozunguka juu ya mitaa yetu ya magharibi, na ule mkutano wa asubuhi kwenye televisheni wa kutangaza wagonjwa wapya. Kwetu ulikuwa kama saa ya ukutani. Ukianza, najua uji umeshapoa na mdogo wangu wa mwisho bado hajafungua darasa lake la kwenye kompyuta.

Tulikuwa watatu. Baba alifia Tanga, mama akatuleta huku, na mama naye akatutoka kwa ugonjwa wake wa siku nyingi, korona ikiwa ndiyo kwanza inabisha hodi. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa shule. Dada yangu alikuwa anaanza sekondari, na yule mdogo bado anang'oka meno ya utoto. Niliacha shule wiki ileile. Mwalimu wangu alipiga simu akasema nisubiri mitihani, shule haikimbii. Nikamwambia ni kweli mwalimu, ila kodi inakimbia.

Nikapata kazi kiwanda cha mikate, Fairfield. Nguo zangu zote zilinuka hamira, na kila siku nilirudi na mfuko wa mikate iliyovunjika. Tulikula mkate wa kukaanga na yai, mkate kwa maharage ya nazi, mkate wa kuchovya kwenye chai ya tangawizi. Dada yangu akisonga ugali siku moja moja, tunaushangilia kama sikukuu.

Zamu ilianza kabla ya treni ya kwanza, kwa hiyo nilihitaji gari. Nilikopa kwenye simu, nimelala chali kitandani, nikakubaliwa kabla hata sijageuka upande wa pili. Mwezi wa tatu giaboksi ikafa, nikakopa tena juu ya ule mkopo. Tangu hapo, kila siku ya mshahara wakopeshaji walichukua kwanza, na deni likabaki palepale, limenona.

Kwenye mlango uliotazamana na wetu aliishi mama mmoja wa Tanga, muuguzi wa wazee. Siku moja alinikuta kwenye ngazi nimeinama na simu, akaniuliza nina nini, nikamweleza.

"Hilo si deni, mwanangu," akasema. "Hilo ni mpangaji. Linalala kwako, linakula kabla yako, na kodi unalipa wewe."

Yeye alikuwa kijumbe, mkusanya fedha, wa mchezo wa akina mama. Kila Ijumaa kila mmoja anatoa dola mia, zote anapewa mwenye zamu, wiki inayofuata mwingine, mpaka wote wapokee. Akaniingiza. Hesabu yetu ilikuwa kwamba fedha za zamu yangu zingetosha kulifuta deni kwa mkupuo, badala ya kulilisha kidogo kidogo. Zamu yangu ikawa ya mwisho, kama ilivyo kwa mgeni. Mikusanyiko ilipigwa marufuku, kwa hiyo walikutana kwa simu ya video, nami nikapitisha noti zangu chini ya mlango wa jirani. Akina mama wakanifanya kitoweo.

"Mwanaume kwenye mchezo wetu! Na kitchen party utakuja?"

"Aje, lakini afunge khanga."

"Mwacheni jamani, huyo ndiye baba mwenye nyumba kuliko hao wetu."

Mimi nacheka, huku dada yangu ananitazama kutoka jikoni na kutikisa kichwa.

Wakati huo ofisi ya ustawi wa watoto ilikuwa bado inaangalia kama niachiwe wadogo zangu moja kwa moja. Kila mwezi afisa mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitupigia simu ya video. Nami kila mara nilipiga deki kabla hajapiga, ingawa sakafu haionekani kwenye simu.

Mwezi mmoja alitaka kuzungumza na mdogo wangu. Nilikuwa jikoni nageuza chapati. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kila kitu anajibu kwa Kiingereza, na mchezo kwake ni mchezo. Akamwambia afisa, kwa fahari kabisa, kwamba kaka yake kila Ijumaa anacheza pesa na wanawake. Akichelewa kutoa, mama wa mlango wa pili anakuja kugonga. Kaka hajawahi kushinda, lakini siku moja atashinda zote.

Afisa akaniita. "Unacheza kiasi gani?"

Sikuwa nimesikia yaliyotangulia. Nikajibu, mwiko mkononi, "Mia kila wiki."

"Na una deni?"

"Ndiyo. Ndiyo sababu nacheza."

Wewe unaujua mji huu na mashine zake za kamari, na nyumba zilizokwisha kwa ajili ya mashine hizo. Nilimwona yule mama uso ukibadilika. Nikaanza kueleza, lakini Kiingereza cha jambo lile sikuwa nacho. Kila nilipotafuta neno nilirudi kwenye mchezo, mchezo mzuri, wa kuaminiana, na kila nilivyosema nikazidi kuzama. Akasema atakuja mwenyewe Ijumaa. Kama hali ndiyo hiyo, watoto huenda wakahamishiwa kwa walezi kwa muda, na hakuna uhakika wa nyumba moja kwa wote wawili.

Wiki ile dada yangu alimsema mdogo wetu mpaka akalia, kisha yeye mwenyewe akalia, na mimi nikawakaangia mkate.

Ijumaa afisa akaja na barakoa yake, akasimama nje ya mlango. Jirani akafungua wake, barakoa puani, simu mkononi imejaa nyuso za akina mama. Kiingereza chake ni cha kazini, kifupi na cha kutoa amri.

"Uliza," akamwambia afisa.

"Nani anashinda?"

"Wote."

"Nani anapoteza?"

"Hakuna."

"Sasa huo ni mchezo gani?"

"Mimi ndiye nikuulize," jirani akasema. "Nyinyi mnacheza wa kupoteza?"

Macho ya afisa yakacheka juu ya barakoa. Jirani akamweleza yote, na kwenye simu kila mmoja akajitaja: amepokea lini, alinunua nini. Kisha mama mmoja Mrundi, msafishaji wa maofisi, ambaye zamu ilikuwa yake siku hiyo, akapaza sauti.

"Hii ya leo mpeni kijana. Mimi nilitaka friji, na friji langu linapiga kelele tu, halijafa."

Jirani akanitumia fedha kwenye akaunti, nami nikalilipa deni lote kwa simu palepale mlangoni, mbele ya afisa. Salio likasoma sifuri. Mwezi uliofuata uamuzi ukaja: watoto wabaki kwangu.

Niliendelea kutoa mia yangu mpaka mama Mrundi akapokea kwenye zamu iliyokuwa yangu, akanunua friji lake. Kisha korona ikapungua, watu wakatafuta nyumba za nafuu, wengine Blacktown, wengine mbali zaidi. Jirani akamfuata binti yake Brisbane. Mchezo ukafa bila mtu kuuzika. Siku hizi akiba yangu inakatwa benki yenyewe, na Ijumaa inapita bila mtu kunitania.

Hata nyumba tuliyohamia sisi imepungua watu. Mwaka huu dada yangu amepata chuo Newcastle. Alifunga mabegi mwenyewe, akakataa nimshushie hata moja, akagombana na mdogo wetu juu ya chaja ya simu, akatubusu, akashuka ngazi akiimba. Nilisimama mlangoni namsikiliza mpaka chini. Alikuwa anakwenda zake. Hakuna afisa aliyekuja kumchukua.