Ndeke Nyeupe Sita

Safari zangu za uzeeni karibu zote ni za kwenda kwenye hifadhi za ndege. Mwongozaji akinikabidhi darubini, mimi huinusa kwanza. Mfuko wake wa ngozi hunuka jasho na rangi ya viatu, na papo hapo nina miaka minane, nimeketi mbele kwenye baiskeli ya Baba, tunatoka mtaani kwetu Kamalondo.

Baba alikuwa karani, mtu wa Kasai, mpole hadi majirani wakamcheka. Jumapili baada ya misa wenzake walikwenda baa. Yeye alinipeleka bwawani, mbali kupita nyumba kubwa za mtaa wa Golf, kutazama ndege kwa darubini yake. Kazini aliandika Kifaransa juma zima, lakini ndege wake aliwaandika kwa Kiswahili katika daftari dogo la buluu, ili nami niweze kusoma.

Mwaka ule jimbo la Katanga tulikoishi lilikuwa limejitenga na nchi, na sisi watu wa Kasai, wageni pale, tulikuwa tunanyooshewa vidole. Familia mbili za mtaa wetu zilikuwa zimehama bila kuaga. Mama alinikataza kusema Kiluba, lugha yetu, barabarani. Jumapili ile alishika usukani wa baiskeli.

"Baba Mado, acha hii mambo ya ndeke. Leo mubakie ku nyumba."

"Tutarudia mbio," Baba alimjibu.

Tulikaa ukingoni saa nzima. Wakati wa kurudi tukakuta mapipa katikati ya barabara, na askari watatu. Mmoja alifungua daftari, akasoma kwa sauti: "Ndeke nyeupe sita. Zimetoka kaskazini."

Kwetu ndeke ni ya manyoya, na ni ya injini pia. Na ndeke za wale wanajeshi wa kigeni walioogopwa mjini zilikuwa nyeupe.

"Ni nani anakutuma kuhesabu ndeke?"

Baba alinyoosha kidole nyuma, kule bwawani. Askari akainama, uso wake karibu na wangu.

"We mutoto, hii ndeke baba yako anaandika, iko namna gani?"

Jina la yule ndege nililijua kwa Kiluba tu. Lilinifika kwenye meno, nikalimeza.

"Iko na miguu murefu," nikasema. "Inafuata ngombe. Inakula mapanzi."

Walitazamana. Kisha mkubwa wao akaangua kicheko, wenzake wakamfuata. Baba naye akacheka, kwa sauti kuliko wote. "Ndiyo, chef, mapanzi!" Wakachukua darubini na daftari, wakatuambia twende.

Nilinuna njia nzima. Walikuwa wamempora vitu alivyovipenda, naye akawachekea! Nyumbani alipita moja kwa moja uani, akateka maji, akafua suruali yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Ni maji ya bwawa," alimwambia Mama.

Nami nikaamini, ingawa siku ile hatukukanyaga maji.

Nilikuwa na watoto watatu nilipoelewa. Radi ilikuwa imepiga karibu na nyumba, nami nilikuwa nikifua kaptula ya mwanangu mdogo, aliyejikojolea kwa hofu. Mikono yangu ikasimama ndani ya povu. Mwili wa Baba ulikuwa umemshinda pale barabarani, na bado alicheka, akaendelea kucheka mpaka wakatuachia. Nilipoelewa hayo, Baba alikuwa amekwisha fariki. Sikupata kumwambia kwamba nilimnunia bure.