Pikipiki Iliyoshuka Kimya Bulengera

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeulalia mto Kimemi kama blanketi ambalo hakuna mwenye haraka ya kulikunja. Muyisa ameshaingia majini, suruali imekunjwa hadi magotini, kitambaa mkononi. Anasugua tope kwenye magurudumu ya pikipiki ambayo si yake. Akimaliza kuiosha, haipandi. Anashika usukani, anainama, anaisukuma hadi barabarani huku akihema, kama mtu anayemrudisha ng'ombe wa jirani.

"Kaka Muyisa, ile iko na mashine," mwenye pikipiki anamtania kutoka juu. "Tangu lini moto inasukumwa kama chukudu ya mbao ya kubeba makaa?"

Muyisa anacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mwenzake, kisha anarudi majini.

Hapa Butembo pikipiki huitwa moto, na waendeshaji wake ni motari. Muyisa, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, amekuwa motari tangu kabla hajaoa. Pikipiki yake mwenyewe ipo nyumbani Mususa, imetengenezwa, inang'aa, imefunikwa kitenge cha mkewe. Hajaiwasha tangu alipopata ajali. Kuosha za wenzake kunampa faranga elfu mbili kwa kila moja. Mvua ikinyesha na kila motari akarudi na tope, mezani kuna samaki. Jua likiwaka, ni ugali na sombe ya majani ya muhogo, na shukrani kwa Mungu.

Wenzake wanadhani anaogopa. Hata mkewe, Kavuo, alidhani hivyo.

"Nilisema, moyo yake bado iko kule barabarani, itarudi polepole," anasema Kavuo. "Kumbe haikuwa woga. Ilikuwa haya."

Butembo ni mji wa milima. Ukitoka nyumbani kununua chumvi, umeshapanda na umeshashuka. Na petroli ni ghali. Kwa hiyo motari wengi, wakifika juu ya mteremko, huzungusha ufunguo, wakazima mashine na kuiacha pikipiki iteleze yenyewe mpaka chini. Hakuna anayefundishwa. Unamwona aliyekutangulia akifanya, nawe unafanya. Ila pikipiki iliyozimwa haina sauti, na honi yake imelala.

Alasiri ya ajali Muyisa alikuwa amembeba mama Kasika, mchuuzi wa samaki wakavu wa ziwani Kyavinyonge. Ni mteja wake wa siku nyingi, mjane mcheshi asiyeshuka kwenye pikipiki bila kukutegea kitendawili. Furushi la samaki lilikuwa limefungwa nyuma yake. Walipofika juu ya mteremko mmoja wa Bulengera, Muyisa akazima.

Chini, baada ya kona, dereva mmoja aitwaye Omer alikuwa anarudisha nyuma lori la mbao kutoka uani. Omer ni mgeni, mtu wa Kindu, asiye na ndugu hata mmoja mjini. Alipiga honi, ambayo Muyisa anakiri aliisikia, akadhani ni ya barabara ya juu. Kisha Omer akazima redio, akatoa kichwa dirishani, akasikiliza. Hakusikia kitu. Akarudi nyuma, na pikipiki ikatokea konani ikaligonga lori.

Mama Kasika alivunjika mguu. Muyisa aliumia mbavu na bega. Samaki walitapakaa barabarani kana kwamba ziwa limepita pale.

Motari akianguka, wenzake huja. Hawasubiri kuitwa. Huja kwa honi na vumbi, humbeba majeruhi, huchangia dawa, humwangalia mke na watoto wake mpaka apone. Huo ndio uzuri wao, na mji mzima unaujua. Lakini huja pia na hasira, na hasira yao hutafuta mtu mwenye gari.

Wa kwanza kufika alikuwa Salomon, mkuu wa kituo chao. Aliinama pale chini, akamuuliza Muyisa: "Ni ule wa lori?"

"Nilifunga macho," anasema Muyisa, akikamua kitambaa ambacho tayari kimekauka. "Kisha nikafungua, nikaangalia lori. Sikusema ndiyo. Mais sikusema hapana. Na hapana ni neno fupi. Hata mutu wa mbavu za kuvunjika anaweza kulisema."

Kioo cha lori kilivunjwa kwa mawe. Omer aliteremshwa na kupigwa, mpaka wanawake waliokuwa wakiuza ndizi kando ya barabara walipomzunguka na kumkinga kwa miili yao. Alipoteza meno ya mbele. Tajiri wake alimnyang'anya ufunguo, na Omer akaondoka mjini. Sasa yuko Beni, anapakia mbao badala ya kuzisafirisha. Waliomwona wanasema huzungumza huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Muyisa alipopata nguvu ya kutembea, alikwenda na Salomon hospitalini kumwona mama Kasika. Walimpelekea sukari na sabuni. Mama alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta nyeupe mpaka pajani, lakini ulimi wake haukuwa umevunjika.

"Salomon, mutoto wangu, kitendawili."

"Tega, mama."

"Akipanda mulima anapiga kelele, muji muzima unasikia. Akishuka ananyamaza kama mwizi wa kuku. Ni nani?"

Salomon alifikiri. Akasema ni mlevi. Akasema ni mtu wa kodi. Akasema ni bwana arusi anayerudi kwao baada ya kuona mahari anayodaiwa. Wagonjwa wa vitanda vya pembeni walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake. Mama Kasika akatikisa kichwa.

"Muyisa anajua," alisema. "Mais leo amechoka. Atasema siku ingine."

Muyisa alitazama ndoo iliyokuwa chini ya kitanda mpaka saa ya kuaga.

"Nilikuwa nyuma yake," anasema mama Kasika, akiwa kwake Bulengera, mguu umenyooshwa juu ya kigoda na mkongojo pembeni. "Nilisikia mashine inanyamaza. Hata nilifurahi, nikasema sasa atasikia hadithi yangu vizuri. Basi na mimi niko kidogo ndani ya ile kosa. Lakini kusema ilikuwa ya kwake. Siwezi kukohoa na kifua ya mutu mwingine."

Kilichommaliza Muyisa si ndoo wala plasta. Ni wema. Wenzake walichanga, wakanunua taa mpya na usukani mpya, wakaitengeneza pikipiki yake, wakaileta Mususa kwa msafara wa honi. Kavuo alicheza mbele ya nyumba na majirani. Muyisa aliingia ndani, akasema bega linauma.

"Kila boluti waliyofunga ilikuwa inaniangalia," anasema.

Ndipo akaanza kwenda mtoni. Anasema alitaka awafanyie kitu kwa mikono yake. Nao, wasiojua, wakamlipa.

Wiki iliyopita alipanda hadi kituoni asubuhi, kabla motari hawajatawanyika. Alisimama katikati ya pikipiki zao, nguo zikiwa bado zimelowa.

"Salomon, kile kitendawili ya mama Kasika," alisema. "Jibu ni mimi. Nilizima mashine."

Mmoja alicheka, akidhani ni utani. Hakuna aliyemfuata.

"Ulizima?" aliuliza Salomon.

"Nilizima. Omer alisikiliza vizuri. Hakukuwa kitu ya kusikia."

Salomon alikaa juu ya jiwe la kando ya barabara, akavua kofia. "Ile mawe ya kioo ilikuwa yangu," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na leo asubuhi, nikishuka hapa, mimi pia nilizima."

Wengine walitazama viatu vyao. Muyisa anasema angependa wamtukane, maana alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mmoja tu aliwasha pikipiki yake akaondoka bila kumuaga, na tangu siku hiyo haileti mtoni. Waliobaki wamekubali kwamba lazima wafike kwa tajiri wa lori pamoja na Salomon, kumwambia kwamba Omer hakuwa na kosa, ingawa bado wanabishana nani atatangulia kusema.

Abiria wamekwisha kumuuliza Muyisa lini anarudi. Mama Kasika naye amemwambia kwamba mguu ukipona ana samaki wa kufuata, na hana mpango wa kuzoea mgongo wa mtu mwingine. Muyisa anasema hatambeba mtu yeyote kabla hajafika Beni kwa Omer.

Alikusudia kwenda kwa gari la abiria. Kavuo, aliyekuwa akichambua maharage, hakuinua hata kichwa.

"Ukienda na gari, utashuka kituoni, utatembea, utamutokea ule baba mugongoni tena," alimwambia. "Enda na moto. Na uiwashe."

Kwa hiyo Jumamosi hii, usalama wa barabara ukiruhusu, Muyisa atakifunua kile kitenge. Amenunua petroli ya kutosha, na anasema mashine haitazimwa kwenye mteremko wowote, hata kama tangi litakauka kabla ya kufika. Hajui Omer atamwambia nini. Huenda akamfukuza, na akifanya hivyo atakuwa na haki.

"Akiniambia niache moto, nitaiuza, na bei yake itakuwa ya meno yake," anasema. "Akiniambia niendeshe, nitaendesha. Yeye ndiye ataamua, mimi nilishaamua mara moja, na tuliona."

Anachukua kitambaa, anarudi kwenye maji baridi, anainamia gurudumu linalofuata.

"Mais kitu moja nataka," anasema bila kugeuka. "Anisikie kabla hajaniona."