Onufri na Treni ya Magharibi

Kazi yangu ilikuwa kufuata mavuno, kwa hiyo nimelala katika nyumba nyingi za wakulima, huku Kanada, toka Manitoba mpaka milimani. Lakini kwa Onufri Hrabchuk, hapa kijijini Zoria, nilikaa miaka saba, kiangazi na baridi. Wajukuu wake siku hizi huniuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani. Mimi huwapa habari ya ngano, maana nyingine zote zinafanana na za wazee wengine.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Alikuja Saskatchewan kutoka Ukraina mwaka 1912, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Ndugu yake Danilo alibaki, akaoa ng'ambo ya mto, upande ambao baadaye ulishikwa na Wakomunisti. Mwaka 1933 watu wa upande ule walinyang'anywa nafaka yao, wakafa kwa njaa kijiji kwa kijiji. Danilo alikuwa mmoja wao. Onufri hakuizungumza habari hiyo. Picha ya Danilo ilikuwa ukutani, kijana mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

Sasa, miaka ile ya hamsini, ngano ilikuwa nyingi mpaka ikawa taabu. Bodi ya Ngano ilimpangia kila mkulima kiasi cha kupeleka kwenye ghala refu la reli, na kiasi chenyewe kidogo. Iliyobaki ulijua mwenyewe utaiweka wapi. Sisi Zoria tulijaza hata ukumbi wa dansi. Onufri alikuwa na maghala manne ya mbao nyuma ya nyumba, yamejaa ngano ya miaka mitatu. Ngano ikikaa hivyo hupata joto ndani, kisha inaharibika. Kila Jumamosi nilikuwa nachomeka fimbo ya chuma katikati, naiacha kidogo, naitoa, naishika. Ikiwa baridi, salama.

Theluji ilipoyeyuka mwaka 1961, redio ikatangaza kwamba serikali imewauzia Wachina ngano ya miaka kadhaa, meli kwa meli. Zoria nzima ilishangilia, na padri alitaja jambo hilo kanisani. Onufri alitoka nje ya kanisa akavaa kofia yake. Onufri alikuwa amempigia kura waziri mkuu wa serikali hiyo, na alimpenda zaidi mwaka uliotangulia, aliposimama mbele ya mataifa yote akawakemea Warusi.

"Jana anamtukana shetani," akaniambia, "leo anampakulia chakula."

Lakini Bodi ilikuwa imefungua milango, na ngano ilikuwa lazima iende. Tukajaza lori la kwanza tukaenda ghala la reli. Msimamizi pale alikuwa Ekman, Msweden mpole, asiyependa ugomvi hata na paka.

"Ya kwangu iende Uingereza," Onufri alimwambia.

"Mzee Onufri, ukishaimwaga hapo chini haina jina tena. Inachanganyika na ya wenzako. Na ya Yakiv."

Yakiv Smuk, mhunzi aliyekuwa na shamba kidogo, alikuwa palepale amekalia ndoo. Huyu alikuwa wa ukumbi wa Wekundu, yaani Wakomunisti, kule ng'ambo ya barabara, na Onufri wa ukumbi wa kanisa. Kwa miaka thelathini walikuwa wakisalimiana kwa kutukanana.

"Usiogope, jirani," Yakiv akasema. "Ngano yangu ina adabu. Haitaifundisha yako siasa."

"Yako inafundisha nini? Magugu matupu."

"Magugu sawa, lakini yamebatizwa vizuri kuliko wewe."

Watu wakacheka. Ekman, kwa kutaka amani, akasema, "Basi, mzee. Nitaitia chumba namba nne peke yake, nitaipakia behewa moja, nitaandika mashariki."

Hapa kwetu kila mtu anajua. Behewa likivutwa mashariki linakwenda kwenye Maziwa Makuu, na huko ngano inapanda meli za Uingereza. Likivutwa magharibi linakwenda Vancouver, na kutoka Vancouver ni China. Behewa lilipojaa, Onufri alilichora msalaba wa chaki ubavuni.

Siku tatu baadaye tulikuwa tunatengeneza uzio kando ya reli. Treni ikaja, kichwa chake kimeelekea magharibi, mabehewa yakapita moja moja. La ishirini na kitu lilikuwa na msalaba wa chaki. Ekman aliandika kweli, nadhani. Lakini kuandika ni kwake, na kuvuta ni kwa watu wa reli.

Onufri alipigilia msumari aliokuwa ameushika mpaka ukazama wote. Halafu akaenda nyumbani, akatafuta makufuli manne, akafunga maghala yote manne. Funguo akazitia kwenye uzi mmoja na msalaba wake shingoni.

Mwanawe Zenon, aliyekuwa akilima naye na mwenye mke na watoto, alimfuata uani. "Baba, itaoza."

"Ioze."

"Ni kazi ya miaka mitatu. Yangu na yako."

"Baba yako mdogo alikufa njaa mikononi mwa watu hao. Siwapi hata punje."

"Wachina, baba?"

"Wekundu ni wekundu."

Simu yetu ilikuwa waya mmoja kwa nyumba tisa, kwa hiyo kabla ya jioni Zoria nzima ilikuwa na habari. Yakiv alimpelekea kufuli la tano alilolifua mwenyewe. "La kufungia mdomo wa mkeo," akasema. Alikosea, maana Paraska, mke wa Onufri, hakuwa amesema neno.

Kiangazi hicho mvua haikunyesha. Mavuno yalikuwa mabua. Nilikuwa bado nachomeka fimbo, Onufri akinifungulia kufuli na kusimama nyuma yangu. Mwezi wa kumi na moja fimbo ya ghala la tatu ilitoka ya moto. Nikampa aishike. Akaishika, akanirudishia, akafunga.

Wakati huo gazeti lilianza kuandika kwamba kule China watu wanakufa kwa njaa. Paraska alimwambia Zenon amsomee yeye habari hiyo mara mbili.

Sherehe yetu ya mkesha wa Krismasi huwa tarehe sita Januari, kwa kalenda ya zamani ya kanisa. Nyota ya kwanza ikionekana, watu hukaa mezani. Kwenye kona moja husimamishwa mganda wa ngano kwa ajili ya waliotangulia, na sahani moja huwekwa kwa ajili ya marehemu. Vyakula ni kumi na viwili, havina nyama, na cha kwanza huitwa kutia: ngano iliyochemshwa, yenye asali na mbegu nyeusi. Hakuna anayegusa kitu kabla ya kuonja kutia.

Tulikaa. Pirohi za unga zilizojazwa viazi zilikuwepo, supu ya kiazi chekundu ilikuwepo, samaki alikuwepo. Bakuli la kutia lilikuwa tupu. Sahani ya Danilo nayo tupu.

"Kutia iko wapi?" Onufri akauliza.

"Nilikwenda ghalani," Paraska akasema. "Nikakuta kufuli."

"Si ungeomba ufunguo, mama Zenon."

"Na Danilo aliomba, baba Zenon. Barua yake iko kabatini. Alitaka gunia moja. Ulikwenda posta wakakuambia hakuna njia. Baridi ile tulikuwa tunachoma ngano jikoni badala ya makaa, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Nilikuwa naitia motoni kwa mikono hii. Sasa njia ipo."

Onufri alikaa akiangalia ile sahani. Kisha akainuka, akachukua bakuli, akatoka kwenye theluji bila koti. Tukasikia kufuli likigoma kwa barafu, akilipiga kwa kitu. Akarudi na bakuli limejaa.

Ngano ya kutia huloweshwa tangu jana yake. Hii ilikuwa kavu. Paraska aliichemsha saa tatu nzima, na saa tatu hizo tukakaa mbele ya chakula tusile. Watoto wa Zenon walilia, kisha wakachoka kulia. Mimi tumbo langu lilikuwa linanguruma, nikaona aibu. Onufri hakuondoa macho jikoni. Ilipofika mezani ilikuwa bado ngumu. Alimpakulia Danilo kwanza, kisha akala yake, tukisikia ikivunjika menoni mwake.

Baada ya sikukuu tulipeleka malori kumi na moja. Ghala la tatu tuliliwahi nusu, nusu ikawa ya nguruwe.

"Namba nne?" Ekman akauliza kwa woga.

"Popote."

"Hata na ya Yakiv?"

"Na magugu yake."

Siku ya treni Onufri alisimama kando ya reli pamoja nami. Kichwa kilikuwa kimeelekea magharibi. Alimwona dereva amechungulia dirishani, akampungia mkono, akapaza sauti:

"Waambie wailoweke kwanza! Ni ngumu!"

Dereva hakusikia kitu, lakini naye alipunga mkono.