Nukta Nyekundu Iliyodondoka Miguuni kwa Mama Mkwe

Habari hii nimeikwepa muda mrefu, na hata sasa sina hakika kama nitaieleza sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la saba na mambo ya lenzi nayajua kwa kusimuliwa tu, lakini aibu yenyewe hakuna anayeijua kunizidi hapa Magu, kwa hiyo nianze nayo: nilidhalilika mchana kweupe, bunduki mkononi, mbele ya mama mkwe.

Msimu huu viboko walitoka ziwani wakala mpunga wa kina mama wa bondeni, na shamba la mama mkwe ndilo linalopakana na maji, basi likaliwa la kwanza. Bwana wanyamapori akasema ataruhusu raia mmoja tu mwenye leseni asaidiane na askari wake kulinda bonde, na huyo atapatikana kwa kulenga shabaha hadharani. Wenye bunduki za leseni kijijini tuko wawili, mimi na Mzee Kaijage, mwalimu mstaafu wa kutoka Bukoba aliyeoa huku akahamia. Mama mkwe akawatangazia wenzake kwamba bonde litalindwa na mkwe wake. Mimi hakuniambia, kwa sababu kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana, hawatazamani usoni wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Nililetewa habari na mke wangu, ikiwa imeshaamuliwa.

Sasa Mzee Kaijage bunduki yake ina ile darubini ndogo ya nukta nyekundu, unachungulia kioo, unaona nukta, unaiweka pale unapotaka risasi iende. Yake ni orijino, mwanae aliye ng'ambo ndiye aliyemletea. Alinionyesha bila kuringa (lazima niseme hivyo) na akaniambia anaihitaji kwa kuwa macho yake yamechoka. Macho yangu mimi ni mazima, na hapo ndipo ningeishia. Lakini moyo haukutulia, nikapanda gari hadi Mwanza, nikaingia duka moja la kava za simu na tochi pale Mkuyuni, nikaikuta inayofanana na ya Mzee hadi maandishi ya ubavuni. Nikamuuliza muuzaji kama ni orijino.

"Kaka, sikudanganyi, hiyo ni kopi," akasema. "Ila kwa matumizi ya kawaida haina shida."

(Kila aliyeisikia habari hii anataka tumlaumu yule muuzaji, mimi siwezi. Aliniambia ukweli. Mimi ndiye sikumwambia kwamba matumizi yangu ni kiboko.)

Nyumbani nikaona kishikio chake hakikai vizuri juu ya bunduki, kinacheza kidogo. Ningeweza kumpelekea fundi anichongee kipande cha chuma cha kuziba ule uwazi. Badala yake nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakipachika katikati, nikakaza skrubu, ikatulia kimya. Huku kwetu tyubu inafunga mzigo, inafunga mpini wa jembe, inafunga redio, na mguu wa kitanda changu umefungwa kwa tyubu mpaka leo na tunalala. Risasi nikaona nisipoteze hata moja kwa majaribio. Nilichungulia papai lililokuwa mtini, nukta ikatulia juu yake vizuri sana, nikajiambia tayari.

Siku yenyewe tulikutana chini ya kilima cha mawe, ili risasi ziishie huko, boksi la katoni limesimamishwa mbele na kina mama wa bonde zima wamekaa nyuma ya kamba. Mzee Kaijage alitangulia, risasi zake tano zikaingia zote isipokuwa moja. Nikaja mimi. Nukta juu ya boksi, nikafyatua, vumbi likaruka kwenye jiwe upande wa kushoto. Nikageuza kile kiskrubu cha kurekebishia, nikafyatua tena, vumbi likaruka kulia.

"Baba Kulwa, kiboko yuko kwenye boksi, siyo kwenye mawe," akaniambia mama mmoja, na wenzake wakacheka, ila mama mkwe hakucheka, na kule kutocheka kwake ndiko kulikonitoa jasho.

Mtu mwenye akili angeomba kusimama aangalie tatizo liko wapi. Mimi nikatoa sarafu mfukoni nikakaza skrubu ya kishikio kwa hasira zote nilizokuwa nazo, kumbe ndiyo naiminya ile tyubu itoke upande wa pili. Nilipofyatua ya tatu darubini ikang'oka, ikanipiga kofia, ikapita bega, ikabiringika chini ya kamba na kusimama miguuni kwa mama mkwe. Na ilikuwa bado inawaka.

Mama akajifunika uso kwa khanga, akaiokota kwa ncha ya hiyo khanga, kisha (sitasahau) akaichungulia. Akamgeukia mke wangu aliyekaa kando yake, akasema kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mumeo kitu chake kinawaka, lakini hakioni."

Akakiweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa kama heshima inavyotaka, nami nikaenda nimeinama, macho ardhini, nikapapasa udongo hadi nikakipata, na hapo ndipo uwanja mzima ulipopasuka kwa kicheko, hata Mzee Kaijage nilimwona anapangusa macho.

Bwana wanyamapori akaniuliza kwa upole kama niishie hapo. Nikasema hapana, naomba nimalizie na vyuma vya kulengea vya bunduki yenyewe. Nikasimama, nikafyatua mbili zilizobaki, zote zikaingia boksini. Mzee akachaguliwa, na alistahili.

Baadaye yeye mwenyewe alikuja kwangu, tukaitoa tyubu, tukaweka kipande cha chuma, tukaijaribu ile kopi chini ya kilima kilekile. Ikashika. Ikapiga vizuri kwa muda, halafu ikaanza kuhama kidogo kidogo, na jua likiwa kali nukta yake inafifia hadi unaitafuta. Kwa hiyo ya Mzee ni bora, hilo sibishi. Ila siku ile kosa lilikuwa la tyubu, na tyubu niliiweka mimi. Nadhani hata orijino ingeruka. (Nilimwomba Mzee tuijaribu yake na tyubu ili tuwe na haki. Alikataa.)

Nikamtuma mke wangu akamweleze mama yote hayo, asidhani nilionewa na duka. Akarudi na jibu fupi, kwamba mama amesikia, na kwamba kona ya shamba lake inayopakana na maji imeliwa tena.

Basi kila jua likizama naenda bondeni na Mzee, yeye na bunduki, mimi na tochi yake, na sioni aibu kuibeba. Na nimeapa: kitu chochote nitakachofunga juu ya bunduki, kwanza nitakifyatulia risasi nikiwa peke yangu na mawe, hata kama ni risasi yangu ya mwisho, ndipo nikilete mbele za watu. Msimu ujao nitaomba kupimwa tena. Nikikosa nitakosa kwa macho yangu mwenyewe.