Unyayo wa Fundi Peku

Walimwita Fundi Peku kwa sababu hakupima breki akiwa na kiatu. Gari likija na pedali inayobonyea kama godoro bovu, alivua kiatu cha kulia, akafuta unyayo kwa kitambaa, akakanyaga huku amefumba macho. Pedali ikizama polepole chini ya mguu, alijua masta, ile pampu ya mafuta ya breki, imekwisha ndani. Ikipanda baada ya kupampu mara tatu, ni hewa. Hukumu aliitoa kabla ya kugusa spana, na aliitoza pesa. Ukimlilia apunguze alikujibu, "Spana utazipata popote. Unyayo huu uko mmoja."

Aliunoa ujanani, enzi hizo hana viatu. Umaskini ulimwachia mtaji huo tu, naye akauuza bila haya.

Kisha ukaja ugonjwa wa sukari. Mkewe ndiye aliyegundua, jioni alipomkuta ametumbukiza mguu kwenye beseni, ngozi imetoka malengelenge, mwenyewe anasikiliza redio.

"Baba watoto! Maji hayo nimeyaepua sasa hivi. Huungui?"

Aliungua, ila habari hazikumfikia.

"Ukilitoa hili nje," alimwambia mkewe, "tutakula spana."

Akabuni ujanja. "Leo kanyaga wewe," aliwaambia wateja, "mimi nisikilize kwa nje." Wakaona ni ufundi mpya. Miezi minne mambo yakaenda.

Siku moja muuza mitumba akaingiza pikapu yake, mwanamke wa kumshusha bei hata mchimba kaburi.

"Kanyaga wewe? Ala! Nimekuja kwa unyayo, fundi, sikuja kwa maneno."

Peku akavua kiatu kwenye benchi, akaizunguka pikapu, akapanda, akafumba macho. Alikuwa kama anakanyaga kivuli. Akashuka, akazunguka tena hadi gurudumu la mbele.

"Nimeshapata picha," alidanganya. "Sasa panda unihakikishie. Shikilia. Inazama?"

"Haizami. Laini tu."

"Pampu mara tatu. Imepanda?"

"Wapi! Iko vilevile."

Basi si masta, wala si hewa. Akachuchumaa, akaushika mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. "Kanyaga!" Mpira ukavimba kiganjani kama koo la chura. Mikono, angalau, ilikuwa bado yake.

"Huu hapa! Umechoka. Nguvu zako zote zinaishia kuuvimbisha."

Yule mama alishuka, lakini hakutazama mpira. Alitazama sakafu.

"Fundi, hizi nyayo ni za nani?"

Zilitoka kwenye benchi, zikazunguka pikapu, nyekundu. Peku akainua mguu. Skrubu ilikuwa imezama unyayoni hadi kichwa chake. Aliitazama kama mtu anavyotazama msumari kwenye tairi la jirani.

"Haiumi sana," alisema.

"Sikukuuliza kama inauma."

Mama akawa anapiga hesabu usoni, na Peku aliijua hesabu hiyo, maana ndiyo yake ya kila siku.

"Kwa hiyo aliyepima ni mimi. Mguu wangu, gari langu. Unanitoza nini?"

"Mpira, na kuufunga."

"Mpira nitalipa. Kuufunga utanisamehe. Mdomo wangu nao una bei, baba."

Miaka ishirini Peku hakuwa amepunguza. Siku hiyo alipunguza. Wala hakumchukia, angekuwa yeye, angedai na mafuta ya breki juu yake. Akafunga kidonda kwa kitambaa, akafunga mpira mpya, akatoa hewa huku mama akimpampia.

Getini mama akaikanyaga breki kwa nguvu. Pikapu ikasimama kama imegonga ukuta. Akatoa kichwa dirishani.

"Nenda hospitali. Hilo silitozi."

Kesho yake asubuhi akaja dereva wa teksi, mteja wa miaka kumi na mmoja. Peku akainama kulegeza kamba za kiatu, kwa mazoea tu.

"Usihangaike, mzee wangu, pole na mguu," alisema dereva, kwa ule upole unaokata kuliko tusi. Hakushuka. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye pedali. "Wewe niambie tu, nikanyage mara ngapi?"